Redio Iliyokataa Kusema Ngoliba

Tangu nirudi Majengo mmekuja mmoja mmoja kunipa pole, na kila mmoja akishamaliza chai ananiuliza lile lile: Halima, ilikuwaje? Nami nasimulia robo, kisha naanza kuuliza habari za watoto wenu. Sasa nimeandika. Atakaye kujua asome, halafu anirudishie daftari nimpe mwingine.

Kutoka hapa Thika hadi Ngoliba ni mwendo wa asubuhi moja. Kutoka Ngoliba hadi Ruiru, mtu asiye na mkosi huenda na kurudi siku hiyo hiyo na akawahi kupika. Mimi nilitoka Jumatatu nikamaliza Ijumaa. Nilifika kila mahali nilipotumwa, na nilichokwenda kukitafuta sikukipata.

Kwa ambao hamkuwapo zamani, mdogo wangu Idi aliondoka miaka saba iliyopita, siku ya arobaini ya baba. Masinia yalikuwa bado mbele ya watu aliposimama akasema mama ameficha hati ya shamba la Ngoliba ili awape ndugu zake. Alisema kwa sauti, mbele ya majirani, mbele ya shehe, mbele ya wajomba wenyewe. Idi akachukua begi lake, na baadaye tukasikia yuko Johannesburg. Hati ilionekana mwezi uliofuata ndani ya koti la marehemu baba, alikoiweka kwa mkono wake.

Basi mama akawa na neno moja tu. "Alinitukana mbele za watu. Akitaka radhi, aniombe mbele za watu." Barua za Idi hakutaka zisomwe. Nilipotaka kumleta mama Thika aongee naye kwa simu ya duka la jirani yangu, alisema simu ni ya sikio moja. Na Idi hakuweza kuja, maana huko aliko hana karatasi. Akivuka mpaka amevuka moja kwa moja. Mnajua wenyewe mtu anayeishi bila radhi ya mama yake anavyoishi. Kila Jumapili alinipigia pale dukani, na kila Jumapili alianza kwa kuuliza kama mama amesema kitu.

Mwaka huu, huu wa mwisho kabla ya elfu mbili, sukari ilimla mama macho kisha miguu. Daktari aliniita pembeni akaniambia nimrudishe nyumbani, tusihesabu miezi. Idi anafagia katika kituo kimoja cha redio huko, cha zile redio mpya zinazopitia setilaiti, ambazo mtu wa Johannesburg na mtu wa Ngoliba wanaweza kusikia neno moja kwa wakati mmoja. Kuna kipindi cha salamu cha Kiswahili kila Ijumaa, saa kumi ya kwetu. Mtangazaji alimwonea huruma akampa dakika tano. Idi akanunua redio ya kupokelea, akampa msafiri aniletee.

Nilimwambia mama. Akasema, "Redio ni ya watu wote. Basi waiteni wale wale."

Thika hadi Ngoliba

Jumatatu nilifunga cherehani mapema. Nilifunika redio kwa blanketi nikaomba nafasi kwenye trela ya trekta iliyokuwa inarudi shambani upande ule. Redio yenyewe si kubwa, lakini ina bamba jeusi bapa lenye waya mrefu, la kuelekezwa juu. Dereva alilitazama akaniuliza kama ni la kuchomea chapati. Nikamwambia la kusikilizia. Akasema wanawake wa Thika tuna mambo.

Kabla ya nusu ya njia trekta ilizima. Dereva alifungua kitu, akakipuliza, akakifunga, akaketi kivulini. Tulikaa katikati ya mananasi, mananasi mbele, mananasi nyuma, mpaka jua likawa utosini. Alikata moja, tukala, akakata jingine. Nilikula mpaka ulimi ukachanika. Nilimwambia mama yangu anangoja. Akasema, "Mama, hata trekta inangoja. Inangojea spea." Saa nane hivi alikuja mwenzake na kile kitu mfukoni.

Nilimkuta Nduku, jirani yetu, amemkalisha mama nje na kumpaka mafuta miguu. Nduku ni Mkamba, mtu wa kanisa, na kwa mwaka mzima amemfanyia mama mambo ambayo mimi binti yake niliyafanya wikendi tu. Naliandika hili ili lijulikane.

Ngoliba hakuna stima kwetu, kwa hiyo Nduku alikuwa ameazima betri ya gari. Nilipanda juu ya mabati mwenyewe, nikaligeuza lile bamba huku na huku mpaka taa ya kijani ikawaka, kama Idi alivyoandika kwenye karatasi. Nilishuka nikidhani nimemaliza kazi. Kwenye kioo kidogo cha redio yakatokea maneno ya Kiingereza. Binti ya Nduku, aliyemaliza fomu foo, akasoma mara mbili.

"Inasema haina ruhusa, aunty. Haina ruhusa kwa hii nchi."

"Nchi gani?"

"Hii yetu. Ati iko registered kule kwingine."

Mama aliuliza mbona kimya. Nikamwambia bado tunaitengeneza.

Ngoliba hadi Ruiru

Nduku ndiye aliyemjua fundi. Alisema Ruiru kuna mtu anaitwa Kariuki, karibu na stesheni ya reli, anayetengeneza hata hizi za setilaiti, na kwamba huyo akishindwa basi nirudi nikamwombe Mungu. Jumanne asubuhi nilitembea na redio mgongoni, nimeifunga kwa leso kama mtoto, mpaka lami. Pikapu ya maziwa ikanichukua.

Tulivuka Thika vizuri. Mbele kidogo tukakuta kizuizi cha polisi. Askari alifunua leso akaona waya.

"Hii ni redio koo ya nani?"

"Si redio koo ya kuongelea, afande. Ni ya kusikiliza."

"Unasikiliza nani?"

"Ndugu yangu. Yuko Johannesburg."

"Kwa hivyo unaongea na watu wa nje."

"Siongei. Yeye ndiye ataongea. Mimi nitasikia tu."

"Ataongea, utasikia, lakini hamuongei." Alimwita mwenzake. "Kuja usikie hii."

Pikapu ikaenda na maziwa yake, sikuilaumu. Waliniketisha kwenye jiwe kando ya barabara wakingoja mkubwa wao aje aione. Hawakuwa watu wabaya. Yule wa kwanza alininunulia mahindi ya kuchoma akaniuliza habari za mama, na alipopata kisa chote alitikisa kichwa akasema hata yeye hajaongea na mamake tangu Krismasi. Lakini redio hakunipa. Mkubwa alifika alasiri, akaitazama sekunde chache, akacheka, akasema ana moja kama hiyo nyumbani. Siku nzima ikaishia pale kwenye lile jiwe. Nilitamani kulia nikaona aibu kulia mbele ya askari anayetafuna mahindi.

Ruiru

Kariuki nilimkuta anafunga kibanda. Ni mtu mwembamba, mpole, wa rika langu, na miwani yake imeshikwa na waya wa shaba upande mmoja. Alikifungua tena kibanda kwa ajili yangu. Aliwasha redio, akasoma kioo, akaigeuza chini juu, akapangusa kile kibandiko chenye namba.

"Mama Harima," akasema, "redio yako iko sawa kabisa. Shida ni raiseni."

"Leseni gani? Redio ya mama kule nyumbani haina leseni yoyote."

"Hiyo ni ya kawaida. Hii irisajiliwa kwa nchi moja. Hata ukiipeleka Ngoriba, kule juu wanajua ni ya Johannesburg. Wanaifungia huko huko juu."

Nilimuuliza nani anayejua huko juu. Akanieleza kwa subira, kama mtu anayemweleza mtoto mvua inatoka wapi. Kila redio ina namba yake. Kampuni ndiyo inayotuma idhini kutoka setilaiti kwa namba ile, na bila idhini, redio ni sanduku. Hakuna cha kufungua kwa bisibisi. Dawa ni moja, kuwapigia wenyewe huko Johannesburg, kuwasomea namba, kuwaomba. Lakini simu za vibanda pale Ruiru zilikuwa hazipiti nje ya nchi wiki hiyo.

Nililala kwa dada yake Kariuki. Tulikula githeri ya mahindi na maharagwe yenye viazi, naye akanipa kitanda chake akalala na watoto. Sikuwajua watu hawa hata jina la pili. Asubuhi nilimshukuru, akaniambia na wao walikuwa na mama.

Ruiru hadi Kahawa Sukari

Jumatano Kariuki alifunga kibanda. Nilimwambia asifunge, ataharibu kazi yake, akasema atanipeleka kwa mteja wake, mwalimu wa chuo kikuu anayekaa Kahawa Sukari, mwenye simu inayopita nje. Tulikwenda kwa miguu, yeye akibeba redio. Njia nzima alinisimulia kuhusu setilaiti, jinsi ilivyosimama mahali pamoja huko juu isianguke, na mimi nikawa napiga hesabu ya saa. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa.

Mke wa mwalimu alitufungulia geti nusu. Aliona buibui, aliona mwanamume na mzigo kwenye leso, akasema hanunui vitu vya wizi. Kariuki akajitambulisha, kwamba ndiye aliyewatengenezea televisheni. Yule mama akasema hata ile televisheni imeharibika tena. Ilibidi Kariuki aitengeneze kwanza. Alipoimaliza, yule mama akawa mtu mwingine kabisa, akatupa chai na mkate wa siagi, na kisa cha mama kilipomfikia akashika kifua.

"Aki piga tu. Piga hata saa hii."

Akatuonyesha simu. Ilikuwa mezani chini ya kitambaa kilichofumwa, na kwenye ile duara ya namba kulikuwa na kufuli.

"Ufunguo uko na Baba Wambui," akasema, na akatazama chini. "Na yeye ako seminar. Anarudi kesho asubuhi."

Nililitazama lile kufuli dogo la shaba, kama la begi. Idi yuko upande wa pili wa Afrika na sauti yake inaweza kufika juu ya mabati ya Ngoliba, nami nazuiwa na kufuli ambalo ningeliweza kulivunja kwa mkasi wangu wa kushonea. Nilisema hivyo kwa sauti. Yule mama akasema tafadhali nisilivunje, atapata shida na bwana wake. Tukalala pale, mimi chumba cha watoto, Kariuki kwa kijana mmoja wa chuo aliyekodi chumba nyuma.

Mwalimu alifika Alhamisi saa nne. Hakuuliza maswali mengi. Alifungua kufuli, akapiga mwenyewe, akampa Kariuki mkono wa simu kwa sababu ndiye aliyejua mambo ya redio, na Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Sauti ya huko ilikuwa ya mwanamke, kubwa na safi, tuliisikia wote. Kariuki alieleza vizuri sana, nami nikamwombea dua kimoyomoyo. Yule mwanamke akasema sheria haimruhusu kuifungua redio nje ya nchi yake, lakini mama mgonjwa ni mama mgonjwa. Angeifungua kwa siku saba. Akaomba namba.

Kariuki alisoma kutoka kwenye kibandiko, tarakimu moja moja. Alipofika kwenye herufi, yule mwanamke alimwambia arudie.

"Er," Kariuki akasema. "Er for rorry."

"Rory?"

"Yes, yes. Rorry."

Yule mwanamke alicheka. Mwalimu alitutafsiria kwamba anasema ana mpwa wake anaitwa hivyo. Nikamwambia Kariuki watu wa huko wana vituko, kumwita mtoto Lori. Tulicheka wote, hata mwalimu. Ndicho kicheko pekee nilichocheka wiki ile, na ninakijutia mpaka leo.

Yule mwanamke akasema tayari. Tuiweke redio ielekee juu, idhini itashuka yenyewe kabla ya siku moja kwisha. Nilitaka kumbusu ile simu.

Kahawa Sukari hadi Ngoliba

Kariuki akasema anakuja nami, anataka kuiona ikifunguka kwa macho yake. Mwalimu alitufikisha Thika kwa gari lake, na Alhamisi yote iliyobaki tukaimalizia pale tukitafuta cha kutupeleka, kwa maana mvua ilikuwa imeharibu barabara ya vumbi na hakuna aliyetaka kwenda. Kariuki alilala kwa shemeji yangu hapa Majengo. Ijumaa alfajiri mtu wa punda alikubali kutupeleka mpaka pale tope linapoanza, na kutoka hapo tukatembea. Tope lilinivua viatu mara mbili. Kariuki aliinua redio kichwani kwa mikono miwili akatembea hivyo mpaka mwisho.

Tulifika adhuhuri. Sikuamini nilichokiona uani. Nduku alikuwa ameazima mabenchi ya kanisa lao. Mama alikuwa amevalishwa leso mpya, amepakwa hina, ameketi kwenye kiti cha baba. Kulikuwa na mahamri kwenye beseni na chai kwenye sufuria kubwa ya harusi. Nduku alikuwa amewaita wote waliokuwapo siku ya arobaini: wajomba wawili, shehe, majirani, mpaka yule mzee aliyechinja mbuzi siku ile.

"Umeileta?" mama akaniuliza.

"Nimeileta."

"Inasema?"

"Itasema, mama."

Kariuki alipanda juu ya mabati. Taa ya kijani ikawaka. Kioo kikaleta maneno yale yale. Akasema tungoje, ndiyo kwanza redio inaelekezwa juu. Tukangoja. Saa nane. Saa tisa. Watu waliketi kwenye mabenchi na nguo zao za Ijumaa, wakizungumza kwa sauti ndogo kama walio kwa daktari.

Saa tisa na nusu ilipopita kidogo, Kariuki alitoa karatasi aliyoandika namba, akaniambia nishike redio nimwangalizie kibandiko, tuhakikishe. Akasoma.

"Mbiri. Saba. Er. Nne."

"Hapa ni L," nikamwambia.

"Ndio. Er."

"L, Kariuki."

"Si ndio nasema? Er. Er ya rorry."

Nilimtazama. Nikamwomba aiandike kwa kidole kwenye vumbi. Akaandika L, safi kabisa, ya kitabuni. Nikamuuliza yule mwanamke alisema mpwa wake anaitwa nani. Akafungua mdomo ajibu, na nikaona uso wake ukibadilika kabla hajatoa neno. Aliondoa miwani.

"Ngai," akasema. "Arisikia R."

Siwezi kumlaumu, na nikitaka kumlaumu nianze na mimi. Nilizaliwa kati ya watu wanaoniita Harima. Nimewashonea sare watoto wa watu hawa miaka ishirini, najua wakisema langi wana maana ya rangi. Masikio yangu hunyoosha neno lenyewe bila kuniuliza. Pale mezani Kahawa Sukari nilisikia alichosema na nilisikia alichokusudia, na sikukumbuka kwamba yule mwanamke hakuzaliwa Thika. Watu wawili tulioketi pale tulijua ni L. Aliyetakiwa kujua ni wa tatu.

Idhini ilikuwa imetumwa. Mahali fulani yuko mtu ambaye redio yake ina R, na siku hiyo ilifunguka yenyewe. Kutoka Ngoliba, simu iliyo karibu iko Thika, na ilikuwa saa kumi kasoro robo.

Saa kumi

Nilipiga magoti mbele ya mama nikamwambia, "Mama, haijafunguka. Kuna makosa."

"Iwashe," akasema.

"Imewashwa. Haitasema."

"Nyamazeni," akawaambia watu. "Saa imefika."

Wakanyamaza. Mama aliinamisha kichwa akaweka sikio karibu kabisa na redio. Mimi niliitazama saa ya shehe. Dakika tano zikapita, ndizo zile dakika tano. Nilijua kwamba wakati ule ule Idi anasema, kwamba maneno yake yanatunyeshea juu ya mabati yale, nasi hatuna pa kuyakingia. Niliiombea redio kama mtu anavyomwombea mgonjwa. Kuku alipita kati ya mabenchi, na ndiye peke yake aliyetoa sauti.

Mama alikaa vile nusu saa. Hakuna aliyethubutu kusogea. Kisha akainua kichwa.

"Amenyamaza," akasema.

Nikamweleza. Nilimweleza kila kitu: leseni, kufuli, yule mwanamke, Rory. Kariuki alikuja akachuchumaa, akasema ni yeye, mama, kosa ni lake, ni herufi. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Herufi moja."

"Moja, mama. Wallahi."

"Halima, mimi ni kipofu, si mjinga." Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira. "Watu wameitwa, wamekuja. Naye amenyamaza mbele yao. Wape chai."

Wakanywa chai. Mjomba mmoja alitaka kusema jambo la kumtuliza, mama akamwinulia mkono. Watu waliaga mmoja mmoja, wakimshika mkono wake wenye hina, naye akawaambia wote asante kwa kuja. Mara ya pili Idi alikuwa amemvunjia heshima mbele ya watu wale wale, ndivyo alivyoelewa yeye, na mimi ndiye niliyemletea redio.

Kurudi Thika

Nilibaki Ngoliba. Jumamosi hakula. Jumapili alimwomba Nduku amwimbie ule wimbo wa kanisa anaoupenda, Nduku akaimba huku analia. Nilimwomba mama mara tatu ampe Idi radhi. Mara mbili aligeuza uso. Ya tatu alisema, "Nilimngoja." Jumatatu asubuhi, nilipokuwa namfuta uso, alikata roho. Tulimzika siku hiyo hiyo kabla ya alasiri, karibu na baba, na wale waliokuja Ijumaa wakaja tena.

Idi alipiga simu Jumapili iliyofuata. Mwenye duka aliniita nikavuka barabara na tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni. Nilimpa habari ya mama. Alilia mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha akauliza lile alilokuwa akiuliza miaka saba.

"Alisema nini, dada? Baada ya kunisikia."

Ningeweza kumwambia amempa. Wengine wenu mmeshaniambia hivyo, kwamba ningesema tu, maiti hakanushi. Lakini radhi haikuwa yangu niigawe, na mama nilikuwa nimemzika juzijuzi. Nikamwambia hakusikia. Nikamweleza herufi.

"Halima, mimi niliongea," akasema. "Niliongea mpaka mtangazaji akalia. Kuna mtu amepiga simu kutoka Malawi ananiombea dua. Malawi wamesikia, dada."

"Najua."

"Na mama peke yake hakusikia. Kwa sababu ya lori."

"Idi, naapa kwa kaburi lake."

"Usimwapie. Sema tu alikataa. Mimi si mtoto. Ningeweza kuishi na kukataa kwake kuliko wewe kunitungia."

Akakata simu.

Nilimpelekea Kariuki habari hiyo Ruiru mwenyewe. Jumapili iliyofuata akaja Thika, akaketi dukani kando ya simu tangu asubuhi, kwa sababu aliona kwamba Idi akimsikia yeye mwenyewe akilitamka lile neno, hata mara moja, ataamini. Idi ni mtoto wa hapa, atalijua mara moja. Kariuki amekuja Jumapili nne sasa. Anamnunulia mwenye duka soda ili asichukiwe, anapangusa miwani, na kila simu ikilia anainuka kabla yangu. Bado haijawa ya Idi.